Siku Niliyoona Haya Kumuuliza Mama Mkwe Kilo Zake

Mpaka leo nikipita Zinga kuna watu wananiita Rubani wa Mihogo, na siwezi kukasirika kwa sababu mihogo yenyewe niliilaza mimi, matuta matatu mazima, asubuhi kweupe, mbele ya ukoo wa mke wangu. Nasimulia mwenyewe maana nikiwaachia wengine wanatia chumvi (kuna mmoja anaapa kwamba niliua mbuzi, na hakuna mbuzi aliyekufa).

Mimi nauza pampu za maji Bagamoyo mjini. Watu wa kazi yangu wakipata nafasi hujenga nyumba ya pili, mimi nikauza lori nikanunua ndege. Si ndege ya kutisha, ni ndege kuukuu ya injini moja na viti viwili ubavu kwa ubavu, mabawa yako juu, ukiipiga teke kidogo unaona aibu kwa niaba yake. Niliinunua kwa mkulima mmoja ambaye macho yalianza kumsumbua akaacha kuruka. Leseni nilikuwa nayo tayari, nilisomea Dar kwa karibu miaka miwili, kila Jumamosi, huku mke wangu Zuhura akiwaambia watu kwamba niko kwenye semina. Naiegesha kwenye kiwanja cha nyasi nje kidogo ya Zinga, na fundi wangu anaitwa Deo, mtu wa maneno machache na sauti kubwa.

Sasa, mama mkwe wangu, Bi Hadija, ana dada yake Pangani ambaye alikuwa amepasuliwa jicho. Kwa gari ni safari ya kuchosha, kwa ndege hazifiki dakika hamsini. Alhamisi moja akanipigia mwenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba Nasra. Hiyo ndege yako inafika Pangani?"

"Inafika, mama."

"Basi Jumapili nipeleke nikamwone dada."

Jamani, nilifurahi! Huyu ndiye mama aliyelia wiki nzima niliponunua ile ndege, akisema bintiye atakuwa mjane, leo anaomba lifti. Nikaanza kupanga safari, na hapo ndipo nilipoharibu.

Ndege ndogo ina masharti yake. Kabla ya kuruka unaandika uzito wa kila kitu, yaani wewe, abiria, mizigo na mafuta, unajumlisha, ikizidi unapunguza. Mwalimu wangu alituimbia hilo mpaka tukachoka. Lakini mwalimu hakusema unamuulizaje mama mkwe kilo zake. Nyie mnaotoka pwani mnanielewa, mimi huyu mama hata chakula nikila mbele yake natafuna polepole. Nikamgeukia Zuhura.

"Mama ana kilo ngapi?"

"Muulize mwenyewe," akasema, wala hakuinua macho kwenye simu. "Mimi sijachoka kuishi."

Sikumuuliza. Nikakaa na karatasi yangu, nikamfikiria kwa heshima zote, nikaandika sabini.

Jumapili saa mbili asubuhi nafika kiwanjani nakuta watu kama ishirini na tano, mashemeji, mama wadogo, watoto, wote wamevaa vizuri kana kwamba tunakwenda Hija. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, nyasi zimelowa zinashika magurudumu, na upepo wa kusaidia ndege kunyanyuka hakuna kabisa (hivi vyote vilikuwa vinaniambia kitu, mimi nilikuwa nasalimia watu). Bi Hadija akashuka kwenye gari na kikapu kikubwa kimefungwa kanga mbili, wamekishika mashemeji wawili, na hao mashemeji wanahema.

"Mama, humu mna nini?" nikauliza kwa adabu.

"Vitu vya kike, baba."

Haya, mwanamume na akili zake, ukishaambiwa vitu vya kike na mama mkwe unaendelea kuuliza nini? Nikakisukumia nyuma ya viti, nikaandika kilo kumi. Deo akaniuliza kwa mbali, "Bosi, umepima?" Nikamwonyesha dole gumba.

Nikamfunga mama mkanda, nikawasha injini, mashemeji wakapiga vigelegele, nikaongeza moto. Ndege ikaanza kukimbia, ikakimbia, na kwa kawaida ikifika kwenye lile pipa jeupe katikati ya kiwanja huwa imeshakuwa nyepesi mkononi, lakini siku ile tulilipita pipa bado tunagonga mashimo kama mkokoteni. Hapo ndipo mtu mwenye akili anaacha. Mimi nikawaza watu ishirini na tano wananitazama, nikasema ngoja kidogo. Nikavuta usukani, ikanyanyuka kama urefu wa goti, ikarudi chini puu. Mbele naona uzio wa miti, nyuma ya uzio mihogo, nyuma ya mihogo minazi, na ile minazi ndiyo iliyonitia akili. Nikaondoa moto wote, nikakanyaga breki, magurudumu yakateleza kwenye nyasi kama sabuni, tukapita na uzio, tukaingia kwenye mihogo, propela ikala matuta mawili, kwenye la tatu injini ikazimika.

Kimya. Nawaza nimemuua mama wa watu. Nikageuka. Bi Hadija amekaa wima, mtandio haujasogea hata kidogo.

"Baba Nasra," akasema taratibu, "huwa inapita shambani kwanza?"

Nilitaka kulia. Hakuwahi kupanda ndege maishani, alidhani ndiyo njia.

Watu wakaja mbio wanalia, Zuhura mbele bila viatu, akamkumbatia mama yake, kisha akanitazama kwa jicho ambalo sitalieleza hapa. Deo akafika, akaona hatujaumia, akachungulia nyuma ya viti, akajaribu kuvuta kikapu kwa mkono mmoja, kikagoma. Akakifungua palepale. Kikatoka kinu cha mvule na mchi wake, nazi kumi na nne, unga wa muhogo, na dumu la mafuta ya nazi.

"Bosi!" Deo akapaza ile sauti. "Huyu mama ulimpima?"

Ukoo mzima ukanigeukia. Nikasema, kwa sauti ya mtoto wa darasa la pili, "Niliona haya."

Mwenye shamba, Bwana Pazi, alikuwa ameshafika anahesabu mihogo yake, na kwa bahati (au mkosi) nyumbani kwake palikuwa na mzani wa kusimama wa kupimia magunia ya korosho. Deo akaomba uletwe. Kikapu, thelathini na saba. Nikadhani yameisha, lakini Bi Hadija akavua ndala akapanda mwenyewe bila kuombwa. Tisini na moja.

"Kliniki ya presha wananipima kila mwezi," akaniambia. "Ungeniuliza ningekutajia. Haya, panda na wewe."

Hapo ndipo aibu ilipokamilika. Kwenye karatasi nilijiandika themanini na nne, kilo zangu za siku nilipoanza masomo. Mzani ukasema tisini na sita. Mtoto mmoja akausoma kwa sauti, kama hesabu ya shuleni, na mashemeji wakaanza kucheka mmoja mmoja, mpaka Zuhura naye akacheka huku bado analia.

Nilitoa taarifa kwa wahusika kama sheria inavyotaka, nikasemwa ipasavyo, na mwalimu akanirudisha darasani. Bwana Pazi nilimlimia na kumpandia matuta yake mimi mwenyewe, kwa jembe la mkono. Kinu kilikwenda Pangani kwa basi. Ndege ilikaa miezi minne ikingoja propela, na nikaapa kwamba sitaruka tena na kilo za kubuni, awe mkwe, awe shehe, awe mimi.

Ilipopona, Bi Hadija akapiga simu usiku wa kuamkia safari.

"Andika themanini na nane, nimeacha chapati. Kikapu sibebi. Na wewe una ngapi?"

Nikalitazama tumbo langu.

"Tisini na tisa, mama."

"Basi punguza mafuta," akasema. "Ya ndege na ya kwenye sahani."