Chakula cha Moto Nisichokiagiza

Sikuwahi kusema maneno yale. Naliandika hili mwanzoni kabisa kwa sababu kwa muda mrefu, nyumbani kwangu hapa Nyakato, yalitumika kwa jina langu, na mimi mwenye jina ndiye niliyekuwa wa mwisho kuyasikia.

Nilistaafu nikiwa afisa tawala. Katika kazi ile agizo lilikuwa na mwenyewe: aliyelitoa alilitia saini, na ambaye hakulitia saini hakulitoa. Nilidhani hata sebuleni mambo huenda hivyo.

Mke wangu alipofariki, mwanangu na mkewe walihamia kwangu. Mkwe wangu ni mwanamke wa adabu. Kila asubuhi hupiga goti, “Shikamoo baba,” nami huitika, “Marahaba mama,” na kwa kawaida mazungumzo yetu yaliishia hapo. Kwetu, mke wa mwana hali meza moja na baba mkwe, wala hamwelezi shida zake ana kwa ana. Likiwapo jambo, humwambia mumewe, na mumewe hulifikisha. Nami nikiwa na neno kwake, hulipitisha njia hiyo hiyo. Desturi hiyo nimeiheshimu maisha yangu yote.

Mwanangu anauza vipuri vya injini za boti. Wateja wake wa Uganda hupiga simu kwa Kiingereza, lugha inayomtoa jasho. Siku moja akaniambia, “Baba, Kiingereza chako kinakuozea kifuani. Mfundishe mwenzangu, awe anapokea simu za dukani.” Nilikubali kwa furaha. Nilikaa barazani kwenye kiti changu. Mkwe wangu alikaa ndani ya mlango, juu ya mkeka, amenipa ubavu. Tulisoma hivyo, mwalimu na mwanafunzi wasiotazamana.

Jumamosi moja alasiri nilimpa fungu la maneno ambalo Waingereza hawawezi kuishi bila hilo: “give up”. Nikamweleza kwamba ni kuacha jambo ulilokuwa ukilifanya, na nikamtaka atunge sentensi. Akamtaja mtu aliyeacha sukari. Akamtaja mchezaji aliyeacha mpira. Sikuridhika.

“Mama, hizo ni sentensi za kitabuni,” nikasema. “Mtu wa Kampala hatakupigia simu kukuuliza habari za sukari. Nipe za maisha ya kila siku, za humu humu ndani.”

Nilisikia ukucha wake ukikwaruza mkeka. Kisha akasema, kwa sauti iliyonyooka, “I gave up my job in Sengerema because Father does not eat food cooked by a housegirl.”

“Vizuri sana,” nikasema, kwa kuwa sentensi haikuwa na kasoro hata moja.

Ndipo maana yake iliponifikia. Ameacha kazi yake Sengerema kwa sababu baba hali chakula kilichopikwa na msichana wa kazi.

“Baba yupi huyo?” nikauliza kwa Kiswahili.

“Ni wewe, baba.”

Nilihisi baraza imeinama. Nilijua kwamba alikuwa akifundisha ushonaji katika chuo cha ufundi huko ng’ambo ya ghuba. Lakini mwanangu alinieleza kwamba mkewe amechoshwa na foleni ya kivuko cha Busisi, anataka kupumzika nyumbani, nami nikamsifu kwa kumwonea huruma. Mimi nisile chakula cha msichana wa kazi! Mimi niliyekula kwa mama ntilie wa kila gulio, kuanzia Magu hadi Geita, nikanywa na mchuzi uliobaki!

Zaidi ya hayo, chakula chenyewe kilikuwa kikinitesa. Kila mchana niliandaliwa ugali wa moto na sato mzima, nami nikaumaliza na kulala kama gogo hadi jioni. Kwa umri wangu, chai na viazi vitamu vingenitosha. Lakini nani hurudisha sahani ya mkwe?

Mwanangu alikuwa uani akiosha pikipiki. Nilimwita. Akaja na povu mikononi.

“Wewe bwana, nilisema lini kwamba sili chakula cha msichana wa kazi?”

Akatazama mlangoni, akanitazama mimi. “Baba, niliona itakufaa…”

“Sijauliza kinachonifaa. Nilisema lini, wapi, na mbele ya nani?”

“Hukusema.”

“Rudia. Mwenzako hakusikia.”

“Baba hakusema. Nilisema mimi.” Akajifuta povu kwenye suruali. “Ningemwambia ni mimi ninayetaka akae nyumbani, angebisha. Lakini Baba akisema, nani atabisha?”

Nyuma ya mlango mkwe wangu alicheka, kicheko kikavu. “Siku zote hizo nakimbilia sokoni jua halijakaza, nikiambiwa mzee anataka cha moto kila mchana, nikijua amenuna.”

“Nimenuna?”

“Ulikuwa unakula kimya, baba. Husemi neno.”

“Nilikuwa napambana na ugali, mama!”

Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: akasogea hadi kizingitini na kunieleza shida yake mwenyewe. Chuo kilikuwa kimempigia simu. Mwalimu aliyeshika nafasi yake ameondoka. Wanataka jibu Jumatatu. Daraja la pale Busisi limefunguliwa, basi linavuka bila foleni. “Na mume wangu anajua haya yote.”

“Nilikuwa nangoja wakati mzuri wa kumweleza Baba,” mwanangu akasema.

“Wakati mzuri ni huu, na umekwisha,” nikamjibu. Nikamgeukia mkwe wangu. “Mama, mimi sina neno. Siku nikiwa nalo, nitakuja hapo mlangoni nilitamke mwenyewe.”

“Basi nakwenda, baba,” akasema. Hakumtazama mumewe.

Mwanangu alijaribu mara ya mwisho. “Sasa mchana utapikiwa na nani?”

“Na yule aliyesema nakitaka cha moto.”

Mkwe wangu sasa huvuka ghuba asubuhi na kurudi jioni. Tumekubaliana kutafuta msichana wa kazi, na jukumu la kumtafuta tumemwachia mwanangu, asiyeonekana kuwa na haraka. Kwa hiyo kila adhuhuri hufunga duka, huja kwa pikipiki, na husonga ugali wenye mabuja huku moshi ukimliza. Huuweka mezani, na mimi huula kimya hadi mwisho.

Sijamwambia kwamba napendelea viazi. Hajaniuliza.