Kaka yangu Wani na mzigo aliokataa kuufungua

Wakuu, salaam kutoka Koboko. Leo naleta ya nyumbani kwetu, na humu ndani hakuna chai, ni kweli tupu. Wenye sukari zao wazitunze.

Kaka yangu Wani alizaliwa na akili nzito. Kuhesabu hawezi, kufunga vifungo vya shati ni vita. Ila mcheshi balaa, na mbuzi wote wa nyumbani walikuwa wanamfuata yeye.

Serikali ilipopinduliwa mwaka 1979 tulikimbilia Zaire, kama familia nyingi za wanajeshi wake. Tuliporudi kijijini kwetu Dranya, katikati ya miaka ya themanini, Wani akabadilika.

Lori likinguruma tu barabarani, jamaa anajitwisha kichwani mzigo wake wa kutoka Zaire, ambao alikataa kuufungua, anasimama njiani akitetemeka. Chakula hagusi. Kucheka kukaisha. Akakonda mpaka suruali ikawa inafungwa kwa kamba.

Majirani wanacheka. Mama akiulizwa anajibu, "Iko vile tu tangu alizaliwa."

Kiukweli niliogopa tutamzika.

Nikawachukua Wani na mama hadi Arua mjini, kwa muuguzi mmoja wa wagonjwa wa akili, mwanamke mnene asiye na haraka.

"Mbele ya kukimbia, zamani ile, alikuwa anakula?" muuguzi akauliza.

"Mpaka chakula ya wageni," mama akasema.

"Kucheka?"

"Mpaka kwa matanga!"

"Basi hii si ya kuzaliwa. Iko ugonjwa mupya. Mutu ya akili kidogo pia, roho yake inagonjwa."



Muuguzi akamgeukia Wani, akamuuliza taratibu kwa nini hataki kufungua mzigo wake.

"Mama pia hajafungua."

Wakuu, hebu sikieni. Ni kweli kabisa! Mzigo wa mama, sufuria na mikeka, ulikuwa mlangoni umefungwa tangu tutoke Zaire. Dranya karibu kila nyumba ilikuwa na mzigo kama huo, tayari kwa kukimbia tena. Sisi wengine tulishauzoea, tunauruka tu tukipita.

Tukapewa dawa. Tulipofika nyumbani, hata maji hajanywa, mama akafungua mzigo wake na kuanza kutundika sufuria ukutani. Wani anamtazama, wa kwake uko kichwani.

"Tunakaa?"

"Tunakaa, mutoto yangu."

Akautua.

Haikuwa muujiza, dawa alikunywa miezi na siku mbaya zilikuwepo. Lakini siku ile aliomba chakula, na mama alipika huku analia.

Nilichojifunza: ukisikia "ndivyo alivyo", uliza kama na zamani alikuwa hivyo.

Wenye ndugu wa aina hii mwageni yenu hapa. Wenye mizaha pia karibuni, Wani mwenyewe anaipenda. Siku hizi lori likipita, analipungia mkono.