Samaki wa Kilwa na Vumbi la Kipushi

Mwanangu, wewe unayejifunza kuandika, kuna siku moja hainiachi, hata nikifumba macho mchana kwenye kiti changu: siku niliyorudi Lubumbashi kutoka Kilwa, ile ya ziwa Mweru, nikasimama mbele ya baba na mama, harufu ya samaki ingali katika shati langu. Nilikuwa na miaka kumi na sita na nilijiona mtu mkubwa.

Ngoja kwanza niseme sababu ya kuikumbuka, maana mimi nikianza kusema ninapotea njiani. Wiki iliyopita mjukuu wangu Mwadi alirudi kutoka masomo na karatasi imejaa wino mwekundu. Profesa wao wa sekondari aliwaomba walinganishe miji miwili, inavyofanana na inavyoachana. Mwadi akachagua Kilwa na Kipushi, kwa kuwa ameisikia kwangu tangu utoto. Ukurasa wa kwanza: ziwa, mitumbwi, samaki. Ukurasa wa pili: mgodi, mpaka wa Zambia, akina mama wanaovuka na mizigo. Chini profesa akaandika kwamba hizo ni habari mbili zimelala kitanda kimoja bila kusalimiana. Aandike upya kufikia Jumatatu. Mtoto akalia.

"Kambo," akasema, ndivyo wajukuu wanavyoniita babu yao, "vyote nimeandika njo vya kweli. Anataka nini tena?"

Mimi nilifika mwaka wa pili wa sekondari tu. Lakini kosa lile ninalijua kama ninavyojua sauti ya mama yangu.

Baba alikuwa fundi wa njia ya reli. Alipostaafu, nyumba ya kampuni ilipaswa kurudishwa kabla ya mvua. Alikuwa na rafiki Kilwa na binamu Kipushi, kila mmoja akimwita aje kukaa kwake. Kifua chake hakikuweza safari mbili, akanituma mimi. Nenda, akasema, uangalie kote, urudi useme, nasi tutahamia pale utakapoona panatufaa. Ona mzigo ule, kichwani kwa kijana ambaye hata ndevu hajaota.

Kipushi nilikwenda asubuhi, nikarudi jioni. Nilikuwa nimeazima viatu vya kaka yangu, vikanibana hata kufikiri sikuweza. Ilikuwa kiangazi, vumbi likiingia mpaka kwenye meno. Binamu ya baba sikumkuta. Nikageuza.

Kilwa nilikaa wiki nzima. Lori lilinifikisha siku ya tatu, mgongo umekwisha, lakini kulipopambazuka nikaona maji ya Mweru yasiyo na ng'ambo, watu wakivuta nyavu na kutaniana. Kulikuwa na msichana akikaanga samaki kando ya mitumbwi, akanipa kipande kabla sijamsalimu. Jina lake nimelisahau. Mkono wake sijausahau. Tuendelee.

Basi mbele ya baba nikasema samaki, nikasema maji, nikasema namna watu wanavyocheka. Halafu Kipushi nikasema vumbi tu. Baba akafurahi, akasema ni Kilwa. Mama alikuwa anasonga bukari, ugali wetu. Mwiko ukasimama kidogo, halafu ukaendelea.

Tukahama. Sekondari ilikuwa mbali na mahali tulipopata nyumba, na siku nilipouliza njia yake nilikuwa nimeshatandika godoro langu. Nikaacha masomo, dada yangu naye akaacha. Samaki walikuwa watamu kama nilivyosema. Sikudanganya hata neno moja, mwanangu, na hilo ndilo linaniuma.

Mama alingoja mpaka mvua zikaisha. Tulikuwa tunapaa samaki, yeye na mimi, akasema bila hasira, akiniita papa kama mama zetu wanavyowaita watoto wao wa kiume:

"Papa, ulituletea samaki ya Kilwa na mavumbi ya Kipushi. Masomo ya Kilwa ilikuwa wapi? Na bantu ya Kipushi, banacheka namna gani?"

Nikasema sikuuliza.

"Sasa ulienda kuangalia fasi mbili, ao ulienda kupenda moja?"

Hakulirudia tena. Amezikwa kule, karibu na maji, na mimi magoti yangu hayawezi tena lori la siku tatu. Mvua ikinyesha hapa Lubumbashi, nilikorudi baadaye, ninawaza njia ile imekatika wapi, na nani anang'oa majani juu ya kaburi lake.

Nilimwambia Mwadi aanze na maulizo. Watu wanaishi kwa kazi gani? Watoto wanasoma wapi? Njia ikoje? Watu wanachekaje? Kila ulizo alipeleke Kilwa, halafu lilelile Kipushi, kabla ya kushika lingine. Asipokuwa na jibu, aache nafasi nyeupe. Akaandika, akaandika, kalamu ikasimama.

"Kambo, hapa ni peupe. Kipushi banachekaka namna gani?"

 Tangu ujana wangu sikurudi kule, na Kipushi iko karibu hivi.

Jumamosi tukapanda basi dogo, mimi na Mwadi, miguuni ndala zangu. Sokoni mama mmoja mwuza unga aliniona ninazungukazunguka na mtoto mwenye daftari, akaita, "Muzee, ulikuya kununua bunga ao kutafuta bibi ya kuoa?" Wenzake wakaangua kicheko, Mwadi akaandika, nami nikacheka mpaka machozi. Machozi mengine hayakuwa ya kicheko.

Sisemi Kipushi ingetufaa zaidi. Pengine tungehamia kule na leo ningelilia ziwa nisilolijua. Sijui, na sitajua.

Basi wewe unayeandika na maneno yanakukimbia, unisikie. Chagua maulizo kabla ya kuchagua upande. Unachouliza huku, uulize na kule, kwa mpangilio uleule. Mwalimu akitaka umalize mji mmoja ndipo ushike wa pili, sawa, lakini wa pili uupitishe kwenye milango ileile. Onyesha inapofanana, onyesha inapoachana, na mwisho useme umeona nini. Peupe pakibaki, usipafunike na maneno matamu. Simama uende kuuliza.

Mungu akupe viatu visivyokubana, akupe subira ileile katika kila mji unaoingia. Na njia ya Kilwa ikikauka, upite kwa mama yangu, umwambie nimeshauliza.