Ua wa Bi Somoe na Kiwanja cha Likombe

Kilichomtoa Mwanakombo mtaani Chikongola, mjini Mtwara, ni foleni ya choo. Wapo wanaosema ni kiburi, na mdogo wake Amina mpaka leo anasema ni mume. Lakini wanaosema hivyo wasahau kidogo maneno yao, wakumbuke ua wa Bi Somoe, mama yao, ulivyokuwa: nyumba moja ya udongo, mabinti wote na waume zao na watoto wao, mama mkubwa mgonjwa chumba cha mwisho, na choo kimoja cha makuti kule nyuma. Alfajiri unatoka na kopo lako la maji, unamkuta shemeji yako kakutangulia, anakohoa ili ujue yumo. Unasubiri. Ukitoka wewe, yupo mwingine.

Kuolewa hakukumhamisha. Nassoro, kijana wa kijiji cha Mpapura aliyepakua mizigo bandarini, ndiye aliyekuja na begi lake akakaa ukweni, kama walivyofanya waume wote wa ua ule. Ndivyo Wamakonde walivyo. Mtoto ni wa upande wa mama, na mwanamume hukaa kwa watu wa mkewe, akila kwa adabu na kuongea kwa kipimo.

Miaka ya tisini ilipokuwa inaishia, korosho zikapata bei, na mikorosho ya Nassoro ya kwao Mpapura ikazaa kwelikweli. Mwanakombo naye alikuwa na akiba yake ya mihogo na samaki wa kukaanga, aliyowauzia makuli pale getini bandarini. Usiku mmoja akamwambia mumewe: "Baba Farida, mimi nataka nyumba ambayo hakuna mtu ataniambia nisogee."

Nassoro hakuombwa mara mbili. Wakaanza kuuzunguka mji kila Jumapili. Shangani walipita tu, kwa wakubwa wa serikali, ambako hata mbwa wanamtazama mtu viatu kwanza. Ligula palimpendeza, kwa walimu na manesi, ila viwanja vilishakwisha. Majengo aliona ni Chikongola nyingine iliyobadilishwa jina. Mikindani ni mbali na bandari. Siku walipofika Likombe, Mwanakombo alisimama kati ya mikorosho, upepo unapita, jirani wa karibu kabisa ukimwita hasikii. Akasema hapahapa.

Bi Somoe alipoambiwa, aliweka chini ungo wake.

"Jengeni hapa nyuma. Choo tutakihamisha."

"Mama, hapa pananuka."

"Pananuka lakini ni pako. Mwanangu, nyumba ya mume ni ya wapwa zake. Akifa, watakuja watoto wa dada yake na utawapisha. Hujaona?"

"Hayo ni ya zamani. Na hela yangu imo."

Mama akaomba kitu kimoja tu: siku ya kununua, mjomba Mohamedi, kaka yake, aende akasimame shahidi, ijulikane mbele ya watu kwamba kiwanja ni cha upande wa mke. Lilikuwa jambo jepesi. Mjomba alishavaa hata kofia. Lakini Mwanakombo alikuwa na hasira za miaka mingi. Akajibu kwamba mjomba akisimama leo, kesho atawaleta na wanawe wakae, na yeye anahama ili aepukane na ndugu. Mjomba akavua kofia.

Basi siku ile wakasimama kaka zake Nassoro, wametoka Mpapura kwa baiskeli. Wakala pilau ya Mwanakombo, wakamsifu mkono.

Nyumba ilijengwa kwa jasho la Mwanakombo. Alibeba maji ya kufyatulia matofali mpaka utosi ukaota sugu, na saruji ilinunuliwa kwa samaki, mfuko mmoja mmoja. Choo kikawa cha kwanza kukamilika, kina mlango wa mbao na komeo kwa ndani. Siku ya kwanza aliingia akajifungia, haja ikaisha, akaendelea kukaa. Nassoro akamwita nje, "Mama Farida, umezimia?" Akacheka mle ndani peke yake. Nani amlaumu?

Chikongola akawa haendi ila kwa msiba. Alituma salamu na mafungu ya korosho. Binti yao Farida alipoolewa, mkwe alitaka kujenga kwa mama mkwe kama desturi, lakini Nassoro akasita, akasema mkwe akijenga kwenye kiwanja hiki watu watapata neno. Farida akamfuata mumewe Madimba. Mwanakombo hakuuliza ni watu gani na neno gani. Angeuliza.

Mwaka 2008 Nassoro aliugua homa, haikumwacha. Arobaini ilipokwisha, wazee wa Mpapura wakabaki. Saidi, kaka mkubwa wa marehemu, akakaa kwenye kiti cha marehemu. Pembeni yake alikuwa Rashidi, mtoto wa dada yao, mtu mzima mwenye mke na sauti ya upole.

"Mkaza mjomba," alisema Rashidi, "hatukufukuzi. Chumba cha uani ni chako mpaka mwisho."

"Nyumba hii nimejenga mimi! Muulizeni hata mwenye duka la saruji!"

Saidi akatazama chini. "Shemeji, siku ya kununua tulisimama sisi. Upande wenu alisimama nani?"

Mwanakombo akaikumbuka kofia ya mjomba Mohamedi.

Shehe aliitwa. Akasema wazi kwamba katika mirathi mjane ana fungu lake na binti ana lake, na mtoto wa dada hana kitu mbele yao. Wote wakaitikia kwa heshima. Na watu haohao waliosoma hitima kwa sauti nzuri wakazipita aya za mirathi kama hawakuziona, kwa sababu dini waliipenda ila nyumba waliipenda zaidi. Mjumbe akasema mambo ya familia yamalizwe kifamilia. Mahakama ilitaka mashahidi, na mashahidi ni walewale waliokula pilau.

Kwa hiyo akahamia chumba cha uani. Nuru, mke wa Rashidi, hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Angekuwa mbaya wangegombana, pakachangamka. Alikuwa anasema tu kwa adabu, "Mkaza mjomba, sogeza vyombo kidogo, nianike mihogo." Mwanakombo akasogeza. Siku ya tatu au ya nne akafunga mzigo.

Chikongola, kati ya watu wa zamani, alimkuta Amina tu, maana Bi Somoe na mjomba Mohamedi walishatangulia. Kule nyuma, palipokuwa na choo cha makuti, Amina alikuwa amejenga vyumba vya matofali, na bado wanawe walikuwa wamebanana humo. Akamkumbatia dada yake, wakalia wote. Kisha akafuta machozi, akasema taratibu, "Palikuwa pako hapa, dada. Mama alipaacha wazi mpaka anakufa, hakutaka mtu apaguse. Ulikuwa huji."

Akamtandikia sebuleni. Mwanakombo alilala hapo usiku mmoja, watoto wakimruka kwenda nje. Asubuhi akaaga, akasema anakwenda kwa Farida. Hakwenda. Mtu hahamii kwa mkwewe.

Akapata chumba cha kupanga Magomeni ya palepale mjini, kwenye nyumba ya mama mmoja muuguzi, Theresia, aliyehamishiwa Mtwara kutoka Songea. Theresia alimpokea mzigo, akamwonyesha bomba na zamu ya kufagia uwanja, akamkaribisha chai.

"Mama, mwenyeji wa wapi wewe?"

Kutoka kibarazani pale, paa la nyumba aliyozaliwa, ukijua pa kutazama, lilikuwa linaonekana.

"Mimi mgeni hapa mjini," alisema Mwanakombo.

Theresia akamhurumia. Akaanza kumwelekeza soko liliko, msikiti wa karibu, na njia ya kwenda bandarini. Mwanakombo akamsikiliza mpaka mwisho, akashukuru.