Kidonda cha Mzee Grisi

Karakana nzima ilimwita Mzee Grisi. Miaka nenda miaka rudi alisimama kwenye mashine ya kukereza vyuma, mafuta yakimrukia tumboni na kushuka mapajani, mpaka suruali yake ikivuliwa ilisimama yenyewe kama askari. Kwa utani hakuwa na mpinzani.

Kidonda kilipomtoka mahali pasipotajwa mbele za watu, ulimi ukamfa. Alijipaka dawa chooni kwa kujificha, akaanza kulala na suruali. Mkewe alivumilia, mwisho akamvaa.

"Baba watoto, kama umeniletea maradhi ya nje, sema."

"Haki ya Mungu, sijaenda popote!"

"Basi vua nione."

Alivua huku amejifunika uso kwa mto. Mkewe alitazama, akasema kwa upole, "Mficha maradhi kifo humuumbua. Kesho tunakwenda hospitali."

Daktari alikuwa binti wa rika la kitindamimba wake. Mzee Grisi alitamani ardhi ipasuke immeze. Kinyama kilikatwa kikapelekwa kupimwa, na majibu yakarudi: saratani ya ngozi, bado changa.

"Huu si uhuni, mama," daktari alimwambia mke kwanza. "Ndani ya kila seli mna DNA, kama ngazi iliyosokotwa, ndiyo inayoielekeza seli. Kemikali za mafuta machafu zikipenya ngozini, mwili hujaribu kuzivunja, na vipande vyake hung'ang'ania kwenye ngazi ile. Inapinda. Seli ikijigawa inanakili makosa, na yakirundikana, inazaana bila breki."

"Kama chenga ya chuma kwenye meno ya bolti," mzee alinong'ona. "Nati inakwenda upande."

"Hapo hapo, baba."

Mkewe akainamisha kichwa. Sasa aibu ilikuwa na watu wawili.

Alipasuliwa, akapona. Kazini alikuwa amesingizia ngiri, na aliporudi wakamtania ngiri yake, naye akacheka nao. Lakini kila alipoziona suruali zao zilivyolowa mafuta, kicheko kilimkwama. Siku moja, wakati wa chai, alisimama akaeleza yote, mahali penyewe akipataja kwa jina, masikio yakimuwaka moto. Wakaangua kicheko.

Jioni, mkerezaji mwenzake aliyecheka kuliko wote alimfuata bombani.

"Kaka, hivi... chako kilianza kama sugu?"

Mzee Grisi hakumtazama usoni. "Nawa mikono twende kwa daktari," alisema. "Kule ndani nitakusemea mimi."