Breki Zilizoacha Kulia

Mama hakuwahi kulipenda gari langu, ila alizipenda breki zake. Ni gari la spoti la viti viwili, jekundu, lililokuja kutoka Japani likiwa limeshatumika, na liko chini kiasi kwamba mtu haingii ndani, anashuka. Nyumbani kwetu ni Mutuini, pembezoni mwa jiji, na lami inaisha kabla hujafika kwetu. Kila Jumamosi nilipokwenda kumwona nilikwepa mawe kama mtu aliyebeba trei ya mayai, naye akisema, "Ungenunua pikapu, baba, ungekuwa unanibebea nyasi ya ng'ombe." Kwake mimi ni baba kwa sababu nimerithi jina la babake, na hilo ndilo linalonifanya nivumilie mengi.

Breki ndizo zilizokuwa na kisa. Nilikuwa nimefunga pedi ngumu za breki, zile za mashindano, kwa kuwa nilipenda jinsi zinavyolikamata gari likiwa mbio. Ubaya wake ni kwamba zikiwa hazijapata moto zinalia. Nilipokanyaga breki pale kwenye kona ya kwetu, mtaa mzima ulijua nimefika. Majirani walinung'unika. Mama, akisikia tu ule mlio, aliweka chai motoni, na nilipomaliza kufunga lango na kuvua viatu ilikuwa inakaribia kuchemka. Sikuwa na haja ya kumpigia simu.

Kisha jicho lake la kulia likaanza kuingia giza. Alisema anaona kitu kama pazia kikishuka kutoka juu, polepole. La kushoto lilikuwa limeharibika zamani, likimwonyesha mwanga na vivuli tu. Kwa hivyo hilo la kulia ndilo lililomsomea Biblia, likamkamulia ng'ombe na kunitambua langoni. Likienda, basi.

Alifanyiwa upasuaji hospitalini, Upper Hill. Daktari alitueleza kwamba utando wa nyuma ya jicho ulikuwa umebanduka, kwamba ameurudisha, na kwamba ametia hewa ndani ili iushikilie mpaka ushike wenyewe. Mama alitakiwa kuinamisha kichwa, uso ukitazama chini, awe amekaa au amelala, hadi aambiwe vinginevyo. Halafu akasema mgonjwa asirushwerushwe njiani. Aliposema hivyo alinitazama mimi, nadhani alikuwa ameuona ufunguo mkononi mwangu.

Nilitaka kuita teksi. Mama akakataa katakata. "Mtu simjui anipeleke, na mimi naangalia magoti yangu tu? Hapana. Nipeleke na hiyo yako."

Nikamwekea mto mapajani, akaegemeza paji la uso juu yake. Aliomba kwanza, kwa sauti, akiombea hata magurudumu. Tulipopita Kenyatta Market alisema chini kwa chini, "Hapa ni Kenyatta, nasikia nyama choma," na nikacheka. Mama ana pua. Lakini tulipokuwa Ngong Road, boda boda ikakata mbele yetu bila kuangalia. Nilikanyaga breki. Pedi zilikuwa baridi, kwanza hazikufanya lolote, kisha zikashika zote kwa mpigo na gari likavutwa kushoto. Kichwa cha mama kiliinuka kutoka kwenye mto na kurudi kwa kishindo.

Alinyoosha mkono akalitafuta goti langu, akalipata. "Polepole, baba," alisema. Njia yote iliyobaki niliendesha kama mzee wa kanisa, na nikalichukia lile gari.

Siku iliyofuata nilikuwa kwa fundi wangu huko Dagoretti kabla hajavaa ovaroli. Alitoa gurudumu la mbele la kushoto, akachomoa pedi zote mbili na kuziweka kiganjani mwangu. Ya nje ilikuwa bado nene. Ya ndani ilikuwa imebaki nyembamba kama biskuti, tena imelika upande mmoja.

"Pini imeganda, ya nje haisogei," alisema. "Hii moja ndiyo imekuwa ikifanya kazi yote. Ndiyo maana gari inavuta upande. Pini nitasafisha, lakini pedi ni kubadilisha zote za mbele. Unarudisha zile za racing?"

Kwetu spea hainunuliwi kwa jina, inanunuliwa kwa sampuli. Nikaifunga ile ya ndani kwa gazeti, nikashuka nayo mjini hadi Kirinyaga Road, fundi akiwa pembeni yangu, maana bila fundi muuzaji anakuona mtalii. Muuzaji alilinganisha sampuli yetu na pedi za aina tatu juu ya kaunta. Za kwanza hazikuwa na jina wala asili, na fundi alizirudisha bila hata kuzijadili. Za pili zilikuwa ngumu kama zangu. Nilizigusa, sikatai. Za tatu zilikuwa laini, za kawaida, za watu wanaopeleka watoto shule.

"Hizi hazilii, na zinashika hata asubuhi zikiwa baridi," fundi aliniambia. "Lakini zitaisha haraka, boss. Na ukikimbiza, zinachoka."

"Ziishe," nikamwambia.

Pedi mpya hazishiki vizuri mpaka zizoeane na diski. Jumapili watu wakiwa kanisani nilikwenda kwenye barabara ya bypass, nikapandisha mwendo na kuushusha, tena na tena, bila kusimama kabisa, kisha nikaziacha zipoe. Baada ya hapo nikafanya jambo ambalo sijawahi kumwambia fundi. Nilijaza maji kwenye sufuria ya mama ya uji, nikaiweka kwenye kiti chake, nikaifunga mkanda. Mara ya kwanza kiti kililoa. Niliendelea mpaka nikajua mguu wangu unatakiwa kushuka vipi, na jinsi ya kuanza kuachia breki kabla gari halijasimama, ili kichwa kisijue kwamba tumesimama. Nilirudi na maji yote kwenye sufuria, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya boda boda nikapumua.

Nilipoingia nyumbani mama alikuwa mezani, ameinama juu ya mto wake. Alishtuka. "Nani huyo?"

"Ni mimi, Mama."

"Mbona sijakusikia?"

Hakukuwa na chai. Niliumia moyo. Alikuwa hanioni, na sasa nilikuwa nimemnyima hata masikio. Nilijaribu kupiga honi siku iliyofuata, akanikemea, akasema yeye si abiria anayengoja matatu stage. Kwa hivyo nikaanza kumpigia simu nikifika kwenye kona. Alipokea, akasema "haya," lakini haikuwa ile raha yetu.

Nilimpeleka kliniki kila alipoitwa, na safari moja alilala usingizi mzito kutoka Upper Hill hadi nyumbani. Hewa ilipungua jichoni, akaruhusiwa kuinua kichwa. Nikauliza anaona nini. Alisema anaona maji, na watu ndani ya maji. Daktari alisema tungoje. Tulingoja, na mama akaacha kabisa kulizungumzia jicho, akawa ananiuliza habari za kazi tu. Niliogopa kuliko nilivyoogopa siku ya upasuaji, na usiku nilijikuta nikiomba kama yeye, mpaka magurudumu.

Jumamosi moja simu yangu iliisha chaji nikiwa njiani. Nilikata kona kimya, pedi zikashika bila sauti, nikasimamisha gari nje. Nilipofungua lango nilisikia harufu ya tangawizi.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, amefunika jicho la kushoto kwa kiganja, kama daktari alivyomfundisha kujipima. La kulia lilikuwa wazi, linanitazama.

"Nimekuona tangu kwa kona," alisema. "Hiyo gari yako imejaa matope. Hata kuosha hukuosha."

Nikavua viatu pale nje, nikachukua muda mrefu na kamba, ili asione uso wangu, kwa maana sasa angeuona.

"Ingia, baba," alisema. "Chai imeshachemka."