Wimbo wa Kornelia Uani kwa Nicodemo

Zamani mwanaume aliyemdhulumu mjane alisikia wanawake wakiimba uani kwake akafungua zizi, na siku hizi anafungua kreti ya soda.

Kornelia Margwe wa Masieda ndiye aliyewaongoza kuimba. Sauti yake ilikuwa nzito. Ndiye mwanamke wa kwanza kuigiza kigangoni kwetu. Kabla yake hata Bikira Maria aliigizwa na mvulana aliyejifunga kanga. Wazee walinuna, yeye akaigiza. Kwenye mikutano ya kijiji alisimama kudai wasichana wasomeshwe na wajane wasifukuzwe. Wanaume walimwita jogoo. Alijibu, "Basi amkeni."

Mwaka juzi Nicodemo alimnyang'anya Agatha, mjane wa kaka yake, shamba la vitunguu saumu. Kornelia akakusanya wanawake, wakaketi uani kwa Nicodemo, wakaimba. Ndivyo ilivyokuwa desturi: wanaimba mpaka mkosaji atoe dume la ng'ombe na kurudisha alichochukua. Kabla ya hapo hawali wala hawanywi kwake. Mmoja akionja, wote wamesamehe.

Jua lilipokuwa kali Nicodemo akatoka nje.

"Karibuni, mama zangu. Makoo yamekauka."

"Hatukuja kwenye kipaimara," Kornelia akasema. "Lete dume."

"Dume liko malishoni. Soda ziko hapa."

Nyuma ya Kornelia vizibo vilishaanza kufunguliwa. Waliofungua walikuwa wale wasichana aliowapigania wasome.

"Ni soda tu, bibi," akasema mjukuu wake, Verdiana. "Ina kosa gani?"

Kornelia hakumgombeza. Wimbo uliishia hapo. Alimwambia Agatha, "Inuka, twende."

Wiki ile trekta liliingia shambani. Wazee tulipoulizwa tulisema wanawake wamekunywa, kwa hiyo wamesamehe. Ndiyo desturi, na hakuna kijana aliyeijua isipokuwa Nicodemo, aliyeijua vizuri. Agatha hakutaka kwenda mahakamani. Alisema amechoka.

Mara ya mwisho nilimwona Kornelia stendi ya Dongobesh, akifunga godoro la Agatha juu ya gari. Agatha alikuwa anahamia kwa binti yake, kijiji cha Daudi. Nilimsalimu Kornelia. Akaitikia, akaniuliza bei ya vitunguu saumu, nikamtajia. Gari likaondoka. Akabaki amesimama pale, kipande cha kamba mkononi, akikizungusha kwenye vidole.